Siku Tully Alipokula Machungwa ya Wapinzani

Mtaa wa Silo, Namba 14,
Nurrong,
Victoria, Australia.

Jumapili, 18 Agosti 2024.

Mpendwa mwanangu Garth,

Pokea salamu za shangazi yako, na zikukute mzima huko Uskochi, mgongo umenyooka na mashine yako ya kunyolea kondoo ina makali. Hujambo wewe? Na hao kondoo wenye nyuso nyeusi uliosema wanapiga mateke kama punda, hawajambo? Katika barua yako ya mwezi uliopita ulilalamika kiuno. Kiuno si kitu cha kuchezea, Garth. Paka ile dawa niliyokufungia kwenye mfuko wa pembeni, ile inayonuka, na usiwaonee haya wenzako.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linanisimanga kila asubuhi, ila nimeamua kulipuuza. Mvua imeshuka hatimaye, siku tatu mfululizo, na watu waliokuwa wamenuna tangu Juni sasa wanasalimiana dukani kama ndugu waliopotezana. Ngano yako ya upande wa barabara imesimama vizuri. Ile ya bondeni sitaki kukudanganya, jalidi imeitafuna kidogo.

Mbwa wako amenizoea kupita kiasi. Analala juu ya kiti chako, na nikimfukuza ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kumtembelea.

Mkeo Renae mzima, anakazana na kazi zake za zahanati. Binti yenu Indi amepandishwa timu ya kwanza ya netiboli ya umri wake, na tangu siku hiyo hazungumzi na watu wa kawaida. Alinipita juzi nje ya kanisa akiwa amevaa ile sketi yake, nikaona nisimwite nikamwaibisha.

Sasa Tully. Nakujua, umeruka mistari yote ya juu ukatafuta jina hilo kwanza. Rudi juu ukasome salamu kama mtu mwenye adabu, kisha uje hapa.

Umerudi? Haya.

Sitajifanya sijui mlivyoagana. Nilikuwepo pale mezani siku ya Pasaka, na viazi vilikuwa mkononi mwangu uliposema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Mwanangu hatakuwa mkia wa mtu uwanjani. Sisi ni watu wa kufunga magoli." Mtoto akaweka uma chini, akatoka nje. Siku tisa baadaye ukapanda ndege. Tangu hapo, Renae ananiambia, mkikutana kwenye simu mnazungumzia mvua na mtambo wa maji ya moto, kisha kila mmoja anamwambia mwenzake haya basi. Ndiyo maana Tully amemfunga mama yake mdomo kuhusu mambo ya jana. Amesema, "Baba asiambiwe kwa simu. Bibi ataandika." Basi naandika, na goti langu liko juu ya kigoda.

Unajua kwamba timu ya vijana ya mkoa, ya futiboli yetu ya Kiaustralia, inakwenda Melbourne mwezi ujao, kucheza mbele ya macho ya vilabu vikubwa. Nafasi zote zilikuwa zimeshajaa isipokuwa moja, ya kiungo mkabaji. Waliobaki kugombea walikuwa wawili: yule kijana wa Dunwillie, Zane Hartigan, na mwanao. Wateuzi ni sisi watatu, yaani Jacinta Orr ambaye ndiye mwenyekiti, Mervyn Sculthorpe na kishikwambi chake, na mimi. Na sheria yetu unaifahamu. Mteuzi ambaye jina la ndugu yake liko mezani anafunga mdomo. Akiufungua, anatoka nje. Ni sheria nzuri, kwa kuwa katika wilaya hii mtu asiye na undugu na mchezaji yeyote labda umtafute makaburini. Lakini ni sheria ngumu kwa mtu mwenye mdomo kama wangu.

Hartigan ni kijana hodari, nakuambia bila kinyongo. Ana mbio, ana miguu yote miwili, ana nywele. Wiki tatu zilizopita alipewa kazi ya kumkaba Koby Lindrea wa Tallawick, ambaye kwa sasa ndiye kiungo bora kuliko wote kuanzia hapa mpaka mtoni. Hartigan aligusa mpira mara ishirini na moja. Magari yaliyozunguka uwanja yalimpigia honi mpaka betri zikalia. Mervyn alirudi nyumbani anatabasamu.

Mimi pia nilikuwa pale, nikimtazama Koby. Kwa miaka thelathini na moja niliyowapima hawa watoto, sijawahi kumtazama mkabaji robo ya kwanza. Mkabaji ukimtazama yeye atakudanganya, maana kila mtu akijua anatazamwa anakimbia. Mimi namtazama yule anayekabwa. Kama mabega yake yako chini na anacheka na wenzake, kazi haijafanyika, hata mkabaji awe ametoka jasho la ndoo mbili. Siku ile Koby alikuwa anacheka. Aligusa mpira mara thelathini.

Jana ikawa zamu ya Tully kumkaba Koby, kwenye uwanja wa Tallawick. Mvua ilikuwa imekoma asubuhi lakini uwanja ulikuwa uji. Niliegesha gari langu pua uwanjani, karibu na Renae, nikafuta kioo, nikamimina chai. Kocha wetu ni yuleyule Stumpy uliyesoma naye, mfupi kama zamani na sauti kubwa kuliko zamani. Nilimsikia kabla ya mechi akimwambia Tully, "Usimwache Koby. Akienda kunywa maji, nenda naye. Akienda kuzimu, mshikie mlango."

Garth, ulimlea mtoto huyu kutii. Sikiliza alivyotii.

Tangu mpira wa kwanza alimganda Koby kama ruba. Koby akienda kushoto, yuko kushoto. Koby akisimama kujikuna, amesimama. Nilipenda kitu kimoja hasa, kwamba alikuwa hamtazami usoni wala miguuni, alikuwa anamtazama kiunoni, kwa sababu uso unaweza kudanganya na miguu pia, lakini kiuno kinakwenda kule kinakokwenda. Sijui nani alimfundisha. Si mimi, na si Stumpy, ambaye hajui kwamba watu wana viuno.

Watu wa Tallawick wakaanza maneno. Mzee mmoja kwenye pikapu karibu nami akapiga kelele, "Koby! Mtoto wa nani huyo uliyeachiwa umlee?" Koby mwenyewe akamgeukia Tully, nikawasikia kwa sababu walikuwa ukingoni palepale.

"We, mama yako anajua uko wapi?"

"Anajua," Tully akamjibu. "Yuko kwenye lile gari jeupe. Wewe ukiangusha mpira, yeye ndiye anayepiga honi."

Na kweli Renae akapiga honi. Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani.

Robo ya kwanza ikaisha, na kama kawaida sote tukashuka kwenye magari, tukaingia uwanjani kuwasikiliza makocha: wazee, akina mama wenye vigari vya watoto, mbwa, watoto wanaopiga mpira kati ya miguu ya watu. Mimi nikaenda kwenye mduara wetu. Stumpy akaanza kuhutubia, mate yakiruka. Akasema, "Na wewe Tully, umefanya kazi ya..." Akatazama huku na huku. "Tully yuko wapi?"

Tukahesabu. Hayupo. Renae akashika moyo, akidhani ameanguka mahali kwenye tope. Ndipo Indi akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja.

Mwanao alikuwa amesimama katikati ya mduara wa Tallawick.

Garth, sikudanganyi. Ameloa tope kuanzia kisogoni mpaka soksini, rangi ya jezi haionekani, na kwa tope lile wote walikuwa wa timu moja. Amesimama begani mwa Koby, anamsikiliza kwa makini kocha wao, Denzil Fogarty, anapanga namna ya kummaliza yeye mwenyewe. Mama mmoja anapitisha bakuli la machungwa yaliyokatwa, na Tully anachukua kipande, anasema ahsante. Akachukua na cha pili!

Nilivuka uwanja haraka kuliko goti langu lilivyopenda. Nilifika wakati Fogarty anamaliza kueleza, naye ndiye aliyemwona kwanza.

"Wewe. Wewe ni nani?"

"Tully Pethybridge, bwana."

"Pethybridge wa wapi?"

"Wa Nurrong."

Fogarty akamkwangua tope begani, rangi ya jezi yetu ikatokea.

"Na unafanya nini hapa?"

"Kocha ameniambia nisimwache Koby hata akienda kunywa maji," mwanao akasema, maganda ya chungwa mkononi. "Amekuja kunywa maji."

Basi pale pakapasuka. Wengine wanacheka, wengine wanafoka. Yule mama wa machungwa alitaka arudishiwe machungwa yake. Fogarty alimwita mwamuzi, akataka mtoto atolewe mchezoni kwa upelelezi. Mwamuzi alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, akatoa kile kitabu chake kidogo, akakifungua kwenye manyunyu, akatafuta, akageuza kurasa, akatafuta tena. Mwisho akasema, "Wakati wa mapumziko uwanja ni wa kila mtu. Sioni mahali palipoandikwa kwamba mchezaji si mtu." Watu wa Tallawick hawatamsamehe mpaka afe, lakini mimi nilitaka kumpa mkono.

Sasa sikia sehemu inayonifanya niandike kwa mkono badala ya kungoja urudi. Stumpy alimvuta Tully pembeni, nami nilikuwa nyuma yao hatua mbili.

"Wamesema nini? Upesi, kengele inakaribia kulia."

"Wamesema machungwa ya mwaka huu ni machachu."

"Usinifanyie mchezo, kijana! Fogarty amepanga nini?"

"Machungwa kweli ni machachu, Kocha," Tully akasema, akafunga kamba za viatu vyake, akarudi kusimama karibu na Koby.

Stumpy aliitupa kofia yake kwenye tope, akaikanyaga. Sikuelewa na mimi wakati ule. Nilidhani pengine hakusikia lolote, alikuwa anakula tu. Unajua anavyokula.

Robo ya pili ikaanza. Mpira wa kwanza mwamuzi akaurusha juu, na yule Ollie wa Tallawick, mrefu kama ghala na mzito kama ng'ombe wa maonyesho, akaja mbio kutoka pembeni, wala hakuuangalia mpira. Bega lake likamkuta Tully kifuani na mdomoni. Lilikuwa bega halali, sina la kulalamika. Mtoto akaruka, akatua chali, tope likapiga kofi. Renae akafungua mlango wa gari, nikamshika mkono. Tully akabaki pale chini akihesabu mawingu kwa muda, kisha akainuka, akafuta damu kwa mkono wa jezi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona Koby mita arobaini mbele. Akaanza kumkimbilia.

Hapo ndipo nilipoona mabega ya Koby yanapanda. Alimwona anakuja, na sura yake ikawa ya mtu aliyefunga mlango kisha akasikia unagongwa tena.

Sitakueleza mechi yote, mwanangu. Tulishinda kwa pointi nne. Na ili usiseme nampamba, aibu zake nazo nitakuambia. Mguu wake wa kushoto ni wa mapambo tu. Robo ya tatu alipata mpira peke yake mbele ya magoli, akaupiga kwa kushoto, ukampata mtu aliyekuwa foleni ya soseji. Tena anasahau kwamba kuna mpira. Mara mbili Koby alipoteza mpira miguuni pake, na Tully badala ya kuuokota na kukimbia akaendelea kumtazama Koby kama mlinzi wa benki. Mkabaji mzuri anajua dakika ya kumwacha mtu wake. Hilo bado hajalijua, na niliomba liandikwe kwenye kadi yake kabla sijafunga mdomo.

Tulikaa kikao kwenye kile chumba nyuma ya kantini. Mervyn akawasha kishikwambi. "Hartigan, ishirini na moja. Pethybridge," akakohoa, "sita. Sita, Bwana Mwenyekiti." Mpaka leo anamwita Jacinta bwana. "Mara sita kwa mechi nzima. Bibi yangu angegusa mpira mara saba."

Nilitafuna keki. Nilitafuna ya pili.

"Tena," akaendelea, "kuna hili la kuingia mduara wa watu. Tunampeleka Melbourne mchezaji au mdokozi?"

"Mervyn," nikasema, "umetazama mechi nzima ndani ya hicho kioo chako, ungejuaje?"

Jacinta akanitazama kwa huruma, akanionyesha mlango. Sheria ni sheria. Nikatoka na keki yangu, miaka thelathini na moja ya kazi, kama mtoto aliyetolewa darasani. Lakini chumba kile, kama unakumbuka, kina kidirisha cha kupitishia sahani kutoka jikoni, na jikoni walikuwa wanahitaji mtu wa kukausha vikombe. Nikachukua kitambaa. Nilikausha kikombe kimoja kwa dakika ishirini.

Hapo ndipo wakamwita Koby. Utaratibu huu niliuanzisha mimi, mwaka ule tulipokosea vibaya, na siku zote niliudai kwa watoto wa wengine. Kabla ya kumchagua mkabaji, unamwita aliyekabwa, unamuuliza swali moja. Akaingia nywele zinadondosha maji, pai mkononi, sosi kidevuni.

Jacinta akamuuliza, "Koby, tuseme Jumamosi ijayo unacheza tena. Kati ya Hartigan na Pethybridge, ungependa ukabwe na nani?"

"Hartigan," akasema, hata hakumaliza kutafuna.

"Kwa nini?"

"Hartigan anapenda mpira. Nikimtegea nafasi anaondoka kuukimbilia, na mimi napumua. Huyu mwingine haondoki, Mama. Nimekwenda benchi, nimegeuka, yuko ng'ambo ya mstari ananingoja. Leo nimejifanya nafunga viatu mara tatu ili nipumzike. Na yeye kafunga mara tatu."

"Lakini amegusa mpira mara sita tu," Mervyn akasema.

"Na mimi?"

Nikasikia kidole cha Mervyn kinatembea kwenye kioo. "Kumi na moja."

"Na siku ile ya Hartigan?"

Kidole kikatembea tena. "Thelathini."

Koby akauma pai yake. Ningeweza kumbusu kupitia kidirisha.

Mervyn naye si mtu mbaya, ni mkaidi tu, akarudi kwenye lile la mduara. Na Koby akaweka pai chini. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa maana niliyarudia kichwani njia nzima ili yasinitoke.

"Alisikia kila kitu," akasema. "Kocha alimwambia Ollie ampige bega mpira wa kwanza tu wa robo ya pili. Yeye alikuwa kasimama karibu na Ollie kama wewe na hicho kikombe. Tukaingia, mpira ukarushwa, nikamtazama. Anajua Ollie anakuja, na mimi najua kwamba anajua. Angerudi hatua moja tu, Ollie angenisomba mimi. Hakurudi."

"Kwa nini?" Jacinta akauliza.

"Na mimi nilimuuliza, baada ya mechi. Akasema yale maneno hayakuwa yake kuyatumia."

Garth, nilishusha kile kikombe. Nililia, na sioni aibu kukuandikia, nililia kwenye kitambaa cha vyombo cha klabu ya Tallawick, na yule mama wa machungwa akaja kunipapasa mgongo bila kujua kwa nini. Nilijivunia mtoto huyu kuliko nilivyowahi kujivunia goli la mtu yeyote, na yako yamo ndani.

Ndani, Mervyn aliweka kishikwambi mezani. Halafu nikamsikia, "Sasa hili niliandike chini ya ujinga au chini ya heshima?"

"Andika kote kuwili," Jacinta akasema, "kisha utie sahihi."

Akatia. Amechaguliwa, mwanangu. Tully Pethybridge wa Nurrong ndiye kiungo mkabaji wa mkoa, na mechi ni tarehe ishirini na moja Septemba. Hartigan ametiwa orodha ya akiba, na nilimwona akimfuata Tully kumpa mkono, jambo lililomwongezea alama kwangu.

Mambo mengine nikueleze kwa ufupi, maana karatasi inakwisha. Paa la ukumbi limevuja juu ya piano, na kamati imeamua kuhamisha piano. Yule jogoo wa jirani aliyekuwa anakuudhi amekufa, kifo cha kawaida, naapa. Na pampu ya kisima imetengenezwa, kwa hiyo acha kumuuliza Renae habari zake kila mkipigiana.

Nisalimie wenzako wa kambini, hasa yule Mskochi anayekupikia uji wa chumvi. Renae anakusalimu na anasema ana hamu nawe, hilo nimeambiwa niliandike wazi. Indi anakusalimu kwa kifupi kwa kuwa ana mazoezi. Jacinta anakusalimu. Stumpy anakusalimu na anauliza kama kule wanauza kofia.

Tully naye anakusalimu, ila salamu zake ni ndefu, nimeziacha za mwisho.

Jana alirudi na gari langu, yeye ndiye aliyeendesha, kibati cha mwanafunzi wa udereva dirishani na mfuko wa njegere za barafu umefungwa mdomoni kwa skafu ya Indi. Nilimpa habari tulipotoka tu langoni. Tulipita daraja, tukapita njia panda, anaendesha tu, nikadhani meno yamelegea. Karibu na maghala yetu ndipo akashusha zile njegere.

"Bibi," akasema, "Baba enzi zake alikabwa na nani?"

Nikamwambia. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ana miaka kumi na saba na alikuwa na haki. Nikamwambia habari za Nev Ludbrook, jina ambalo hujawahi kulitaja nyumbani kwako. Nikamwambia kwamba mwaka ule ulikuwa umefunga magoli tisini na moja, na watu walikuja kutoka wilaya tatu kutazama fainali kwa ajili yako, na Ludbrook, mtu mwembamba ambaye hakuna aliyejua jina lake asubuhi ile, akakuachia goli moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia alikuja kukupa mkono ukamwacha ameunyoosha hewani, na kwamba nilikuwa nimesimama pale, na kwamba uliingia kwenye gari langu ukalia mpaka nyumbani. Ulikuwa na miaka ishirini.

Tully akapunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara kwa taratibu zote, akawasha na taa ya ishara. Akakaa anatazama mbele. Halafu akaanza kucheka, huku ameshika mdomo kwa maumivu, anacheka na kusema ai, ai. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umekamata usukani kwa nguvu, na macho yalikuwa yamelowa.

"Mwandikie Baba hivi," akasema. "Mwambie angekabwa na mimi, hata hilo moja asingelipata."

Neno kwa neno, Garth, kama nilivyoahidi. Mpigie mwanao simu.

Mungu akulinde kwenye milima hiyo, akupe kiuno kipya, na akurudishe kwetu kabla ya tarehe ishirini na moja.

Wako akupendaye, mwenye mdomo ambao hakuna sheria iliyoweza kuufunga,

Shangazi Coral